Vizuizi vyote vikiondoka, ungeishi wapi? (Kuishi, siyo kutembea)

Kalamu_Butu

Wakuu, nina swali limenikaa kooni tangu mwaka jana. Mtoto wangu wa mwisho ameshahama. Kazi yangu ni kuhariri vitabu vya maelekezo ya mashine, vile vinavyokuja ndani ya boksi na hakuna anayevisoma mpaka mashine igome, na kazi hiyo inanifuata popote penye intaneti. Juzi mwanangu kaniuliza kwa simu, "Mama, sasa si uende ukaishi unakotaka?" Nikafungua mdomo nimjibu. Sina jibu.

Nilikuwa nalo jibu miaka yote nisiyoweza kwenda. Nikichoka nasema, isingekuwa ada za watoto, isingekuwa mama kuugua, mimi ningekuwa mbali sana saa hizi. Ada zimekwisha, mama ametangulia mbele ya haki, na huko "mbali" sikuoni. Nashuku vizuizi ndivyo vilivyokuwa vikinichagulia.

Nikachukua daftari. Mji wa kwanza, Venice. Hakuna gari hata moja, unaamka unasikia maji na visigino vya watu. Nilifurahi siku mbili nzima. Kisha nikakumbuka goti langu la kushoto. Mji ule una madaraja zaidi ya 400, na mengi ni ngazi za kupanda na kushuka. Friji yako inakuja kwa mashua, halafu inasukumwa kwa mkokoteni ngazi hadi ngazi. Mwaka 1951 mji wa kale ulikuwa na wakazi kama 175,000. Leo hawafiki 50,000. Kama wenye mji wenyewe wanahama, mimi na goti langu tunakwenda kutafuta nini?

Wa pili Vienna. Huu ulinichekesha. Kila anayeusifu ananiambia habari za nyumba za manispaa: lile jengo la Karl-Marx-Hof lililokamilika mwaka 1930, urefu wake unapita kilomita moja, na kwamba karibu nusu ya wakazi wa mji wanakaa nyumba za manispaa au zenye ruzuku. Safi kabisa. Lakini swali langu limeshaondoa tatizo la pesa! Ukishaliondoa, nusu ya sifa za Vienna inakwenda nalo.

Singapore nimeikata kwa sababu ya miwani. Ukitoka kwenye kiyoyozi, ukungu unatanda kwenye vioo, unasimama mlangoni kama kipofu ukitafuta pindo la blauzi ya kufutia. Mara moja ni kichekesho. Mara sita kwa siku, maisha yote, hapana.

Nimebaki na masharti matatu: usiku wenye kimya, maktaba ninayoweza kuifikia kwa miguu, na dirisha lenye mwanga mwingi mezani. Nyinyi mliowahi kuhama mbali kwa kupenda, mlichaguaje? Msinisimulie mandhari. Nisimulieni Jumanne saa nne asubuhi.

Kilima_Kwanza

Dada Kalamu, mimi sibabaiki: ikweta, lakini juu. Kila mita 1,000 unazopanda, joto linapungua kama nyuzi 6 na nusu. Kwa hiyo unaweza kukaa katikati ya dunia na bado ukavaa sweta.

Nimeishi Quito, mji mkuu wa Ecuador, miaka miwili. Mita 2,850 juu ya bahari, na ikweta iko pua na mdomo. Januari na Julai hazitofautiani, jua linachomoza na kuzama karibu saa zilezile mwaka mzima. Sikuwahi kuwa na kabati la nguo za msimu. Nilikuwa na koti moja, likachakaa kwapani.

Jumanne saa nne uliyoiomba: nipo jikoni nagombana na sufuria. Kule juu hewa ni nyepesi, maji yanachemka kwenye nyuzi 90 hivi. Sufuria inatokota kwa mbwembwe zote, mfuniko unaruka, ukionja kilichomo bado kigumu. Mwezi wa kwanza nilidhani jiko bovu. Nilipopata sufuria ya presha ndiyo nikaanza kula kama watu. Ngazi nazo, wiki ya kwanza nilikuwa nasimama katikati najifanya natafuta funguo, kumbe natafuta pumzi. Jua halina joto, lakini linakuunguza shingo ukiwa umevaa hilohilo sweta.

Nilichokosa ni jioni. Kule jioni haipo. Jua likizama ni kama mtu amebonyeza swichi.

Zamu_ya_Usiku

Nawaharibia kidogo. Mwaka 1998 David Schkade na Daniel Kahneman walitoa utafiti wao kuhusu wanafunzi wa vyuo wa California na wa majimbo ya katikati ya Marekani, ambako baridi si mchezo. Makundi yote mawili yaliamini kwamba anayeishi California lazima awe na furaha zaidi. Walipoulizwa kila mtu kuhusu maisha yake mwenyewe, kuridhika kwao kulikuwa sawasawa.

Sababu waliyoitoa ni kwamba ukifikiria mahali, akili inakwenda moja kwa moja kwenye kile kinachopatofautisha na kwingine, yaani hali ya hewa. Anayeishi pale hashindi akiiwaza hali ya hewa. Anawaza mtihani, meno, na jirani anayetoboa ukuta.

Kwa hiyo bibie, mji hauna neno. Chagua mtaa. Ikiwezekana chagua ghorofa, na uulize juu yako anakaa nani.

Kalamu_Butu

Zamu, umenikera kwa sababu unasema kweli. Daftari langu lina safu ya mvua na safu ya joto. Safu ya anayekaa juu yangu haimo.

Kilima, hiyo ya kujifanya unatafuta funguo nimeielewa kwa goti.

Baharia_Mstaafu

Nimesoma nyote, naona mnazunguka. Nitawaambia habari ya watu waliowahi kulijibu swali hili kwa kura.

Kuna kisiwa kinaitwa Tristan da Cunha, kusini mwa Atlantiki. Toka Cape Town ni safari ya kama wiki nzima kwa meli, na uwanja wa ndege hakuna. Kina kijiji kimoja, chenye watu wasiofika 300. Nilipita pale nikiwa kazini, tukakaa siku mbili tunakitazama kutoka kwenye meli. Mawimbi yalikataa tusishuke. Jioni ya pili niliona taa chache zikiwaka chini ya ule mlima, nikajiuliza hawa wamefuata nini huku.

Mwaka 1961 volkano ililipuka kando kabisa ya kijiji. Wote wakahamishwa, wakapelekwa Uingereza. Wakapata nyumba, kazi, umeme, maduka, hospitali, vyote mnavyoviandika kwenye madaftari yenu. Mwaka uliofuata wakapiga kura: warudi au wabaki? Kura 148 zikasema turudi, 5 zikasema tubaki. Mwaka 1963 wengi wao walikuwa wamesharejea, kwenye mashamba ya viazi na upepo usiokwisha.

Kilima_Kwanza

Mzee wangu, kwa heshima zote, wale walikuwa wanarudi kwao. Swali la dada ni la mtu asiye na pa kurudi, anachagua upya. Hizo ni kura mbili tofauti.

Baharia_Mstaafu

Kweli mwanangu. Hilo nimelikubali.

Taa_ya_Saa_Tisa

Mimi nitajibu kama mtu aliyekosea. Nilikwenda Reykjavik, mji mkuu wa Iceland, mwezi Juni, wiki mbili. Usiku wa manane bado unasoma nje bila taa, watu wanatembea na watoto, nikasema hapa ndipo kwangu. Nikahamia. Sikujiuliza hata mara moja ule mwanga unakopwa wapi.

Unakopwa Desemba. Jua linachomoza saa tano asubuhi imeshapita, saa tisa na nusu alasiri linazama. Na "kuchomoza" ni neno la ukarimu, linajikokota ukingoni mwa dunia kama mtu aliyelazimishwa kuhudhuria kikao. Mwavuli usijisumbue kubeba, upepo utaugeuza ndani nje ukiwa bado mlangoni.

Jumanne yangu ya saa nne ilikuwa hivi. Nje giza totoro. Nimewasha taa ya mezani, nyumba ina joto kama kiganja, kwa sababu maji ya moto yanatoka ardhini na kupita kwenye mabomba ya kila nyumba. Maji hayo hayo yakishapoa kidogo hupitishwa chini ya baadhi ya njia za katikati ya mji, theluji inayeyuka inapodondoka. Ukifungua bomba la moto, harufu ya yai lililooza. Wageni wanaziba pua, mimi baada ya wiki tatu nilikuwa siisikii tena. Jioni nakwenda bwawa la umma, liko wazi juu, theluji inakuangukia kichwani huku mwili uko kwenye maji ya nyuzi 38.

Nilikaa majira mawili ya baridi, nikaondoka. Kosa si la mji, ni langu. Nilipenda Juni nikapanga Novemba. Ukitaka kuujua mji, nenda mwezi ambao hakuna anayeupiga picha.

Kalamu_Butu

Nimerudi baada ya siku nne, samahanini.

Taa, umeandika ili kunitahadharisha, na kila nikisoma ile taa ya mezani na giza dirishani saa nne asubuhi, moyo unanienda mbio kwa furaha. Nikajiuliza nina nini. Nikakumbuka kwamba kwa miaka ishirini na kitu kazi zangu zote nzuri nimezifanya watoto wakiwa wamelala. Giza ndiyo ilikuwa ofisi yangu. Kukishapambazuka, mimi si wangu tena, ni wa viatu vilivyopotea na nani kamega nini cha nani. Nyinyi nyote mnalihesabu giza kama hasara. Mimi naona mtu ananipa usiku wa saa ishirini, na hakuna wa kuamka kuniita.

Lile sharti la dirisha lenye mwanga mwingi nimelifuta. Wala sijui nililitoa wapi. Nadhani kwenye magazeti ya mapambo ya nyumba.

Zamu utaniambia giza nalo ni hali ya hewa tu, nitalizoea na kurudi kulalamikia jirani. Huenda. Lakini sihami, nakwenda kujaribu. Novemba hadi mwisho wa Januari, chumba cha ghorofa ya juu kabisa, asiwepo mtu wa kukaa juu yangu (hiyo ni yako, Zamu). Juni sitaki hata kuiona.

Taa, nina maswali mawili. Hiyo harufu ya yai inashika nguo? Na goti langu kwenye zile njia ambazo maji ya moto hayapiti?

Taa_ya_Saa_Tisa

Nguo hazishiki, zifue kwa maji baridi. Maji baridi kule yanatoka kwingine, hayana harufu na ni matamu kunywa. Kwa goti, kuna vyuma vidogo vyenye meno vinavyovalishwa juu ya soli ya kiatu. Vaa hata kama unakwenda hatua ishirini, na ukiingia ndani vua haraka, kwenye vigae vinateleza kuliko barafu yenyewe.

Na kama una pete ya fedha, ivue kabla ya kuoga. Yangu iligeuka nyeusi wiki ya kwanza.