Nimelipa nichorewe nyumba ya familia yangu, nimeletewa ramani ya watu wengine

Wakuu, leo nina povu. Asiyependa povu apite uzi unaofuata. Wasimamizi, naomba msiuunganishe na zile nyuzi za "tuma ukubwa wa kiwanja nikutumie ramani", kwa sababu ramani za aina hiyo nilizikataa makusudi. Nilitafuta msanifu mwenye ofisi, mwenye leseni ukutani, nikalipa hela ya mtu anayeanza na karatasi tupu. Mkataba wenyewe umeandika "usanifu maalumu kulingana na mahitaji ya familia". Shikeni hayo maneno.

Kwanza mjue kwetu tunaishije, maana kesi yote iko hapo. Mume wangu anafanya kazi usiku, kwa hiyo analala kuanzia asubuhi mpaka alasiri. Mama mkwe tunaishi naye, magoti yamemchosha, anatembea kwa ile fremu ya kushikilia kwa mikono miwili, na daktari ameshatuandaa kuwa kiti cha magurudumu hakiko mbali. Watoto ni watatu: mkubwa ameshafika umri wa kutaka mlango wake na ufunguo wake, wadogo wawili ni kelele tupu. Mimi nashona nyumbani. Wateja wanakuja kupimwa, wanavua, wanajaribu nguo, na sitaki mtu apite sebuleni kwangu kumkuta mama amejilaza kwenye kochi.

Haya yote niliyaandika. Sikuongea kwa mdomo tu, niliandika kurasa kadhaa: nani anaamka saa ngapi, nani hapatani na kelele, nguo zinafuliwa wapi na zinaanikwa wapi, hata kwamba mkono wa kulia wa mama ndio wenye nguvu, kwa hiyo chuma cha kujishikilia chooni kikae upande huo. Akasoma mbele yangu, akatikisa kichwa kwa heshima zote. "Dada, umenirahisishia kazi sana." Kumbe kweli nilimrahisishia, maana hakuifanya.

Kilichokuja kwanza ni picha. Zile za 3D: nyumba usiku, taa zote zinawaka, mbele kuna gari la kifahari ambalo hatuna, pembeni bwawa la kuogelea ambalo hatukuomba, na mwanamke mwembamba anatembeza mbwa. Watoto wakapagawa. Mume wangu naye, usingizi machoni, akasema "aisee". Mimi nikauliza ramani ya ndani iko wapi. "Inakuja dada, kwanza tukubaliane mwonekano."

Yaani tukubaliane juu ya paa kabla hatujajua nani analala wapi! Na msinijibu kwamba wateja ndio wanaopenda picha. Wanapenda kwa sababu ndicho kitu cha kwanza mnachowawekea mezani. Mkiwawekea maswali kwanza, watajibu maswali.

Ramani ikaja. Vyumba vyote vya kulala viko juu. Vyote, pamoja na cha mama mkwe. Nikapiga simu nikijua ni bahati mbaya, nikaambiwa "mzee anaweza kupanda taratibu". Taratibu kwenye ngazi zipi? Nimezipima mwenyewe kwenye mchoro. Kutoka sakafu ya chini hadi ya juu ni mita 3, vipandio ni 14, gawanya: kila kimoja kina kimo cha zaidi ya sentimita 21, na pa kukanyagia ni sentimita 25. Mfaransa François Blondel aliandika kanuni ya ngazi tangu karne ya 17: chukua kimo cha kipandio mara mbili, jumlisha na upana wa kukanyagia, upate hatua ya kawaida ya mtu. Wanaojenga leo wanalenga sentimita 60 hadi 64 hivi, na kimo chenyewe kisipite 18. Za kwangu zinatoka karibu 68. Hizo hata mimi mzima, nimebeba beseni la nguo mbichi, nazipanda kwa bismillahi. Na beseni litapanda kweli, kwa sababu mashine ya kufulia ameiweka chini na pa kuanikia juu.

Nikakomaa, chumba cha mama kikashushwa. Kimeshushwa wapi? Kwenye stoo. Alifuta neno "stoo" akaandika "chumba cha bibi", basi, mahitaji ya familia yamezingatiwa. Dirisha ni lile lile la stoo, juu karibu na dari, mtu akiwa kitandani anaona mawingu tu. Mlango ni wa sentimita 70, na ukishatoa miimo na unene wa mlango ukiwa wazi, nafasi ya kupita haifiki 65. Kiti cha magurudumu kinataka uwazi wa sentimita 80 na ushee, na duara la kama mita 1.5 ili kigeuke bila kukwangua ukuta. Choo cha hicho chumba kina upana wa mita 1.2. Na kina kidato cha kushukia! Nikauliza hicho kidato ni cha nini, jibu: "maji yasirudi chumbani". Maji hayazuiwi kwa kumwangusha mzee. Unaipa sakafu mwinamo, sentimita moja au mbili kwa kila mita kuelekea kwenye tundu, unamaliza.

Halafu akanipa somo kwamba nyumba iliyochorwa kwa ajili ya mzee "inashuka thamani", eti mnunuzi wa kesho hataki milango mipana. Kwanza siuzi. Pili, Mmarekani Ronald Mace, msanifu aliyetumia kiti cha magurudumu tangu utotoni baada ya kuugua polio, alitumia maisha yake kuwaeleza wenzake kwamba nyumba inayompokea asiyeweza kutembea inampokea na kila mtu mwingine. Mlango mpana unapitisha kiti cha magurudumu, unapitisha friji, unapitisha mama aliyebeba mtoto mgongoni na ndoo mkononi. Nani aliwahi kukataa nyumba kwa kuwa mlango ulimtosha?

Jiko nitalipitia haraka maana nikikaa hapo presha inapanda. Ameweka meza ya zege katikati kwa ajili ya picha, friji ikaenda nyuma ya ukuta. Kuna kipimo kinajulikana: sinki hadi jiko, jiko hadi friji, friji hadi sinki, jumla isizidi mita 8 hivi. Mimi nitatembea hizo mita nikitafuta friji peke yake.

Sasa chumba changu cha kushonea. Hakipo. Nafasi niliyoiomba, karibu na mlango wa pembeni, imeandikwa "chumba cha mazoezi". Kwetu hakuna anayefanya mazoezi, mazoezi yetu ni kuamka. Karibu na sebule kuna "kaunta ya vinywaji" yenye sinki lake. Kwetu hakuna anayekunywa. Mimi nimepewa kona chini ya ngazi, pale ambapo ukisimama wima unagonga kichwa, na mteja akitaka kuja kupimwa lazima akatize sebule nzima. Hapo ndipo nilianza kujiuliza: haya matakwa ni ya nani?

Jibu alinipa fundi. Nilimpelekea karatasi anipe makadirio ya vifaa, akazitandaza juu ya boneti ya gari, akakaa kimya muda mrefu kuliko ilivyo kawaida yake. Kisha akaweka kidole kwenye mshale wa kaskazini wa ramani ya kiwanja, na kidole cha mkono wa pili kwenye mshale wa kaskazini wa ramani ya nyumba. Mmoja unaangalia juu ya karatasi. Mwingine unaangalia chini. "Mama," akaniambia, "hii nyumba ilichorwa kwa ajili ya kiwanja kingine, hapa imegeuzwa tu iingie." Akafunua karatasi ya umeme, kwenye kile kiboksi cha kona ya chini kulia kinachoandikwa jina la mteja. Lilikuwepo jina. Si letu. Walisahau kulibadilisha kwenye karatasi hiyo moja.

Ndipo kila kitu kikaeleweka. Kuna familia mahali fulani inafanya mazoezi, inapenda kaunta, haina mzee, haina anayelala mchana. Nawatakia heri, wala sina ugomvi nao. Lakini nimelipia nyumba yao.

Na msidhani mshale kugeuka ni kosa la karatasi tu. Chumba chetu mimi na mume wangu kinaonyeshwa kina madirisha mapana upande wa mashariki. Ukishaigeuza nyumba, hayo madirisha yanaangalia magharibi. Jua la alasiri linashuka, linaingia kwa ubavu, ukingo wa paa hauwezi kulizuia hata uurefushe vipi, na ukuta ukishapata moto unaendelea kuutoa ndani mpaka usiku. Sasa ndani ya hicho chumba, saa hizo, nani amelala? Mtu aliyekesha kazini! Na kichwa cha kitanda kimegusana ukuta na sebule ya juu ya watoto, televisheni imechorwa upande wa pili wa ukuta huo huo. Nisingeweza kupanga ubaya kwa ustadi huo hata kama namchukia.

Mkasa haujaisha. Kile chumba kilichoshushwa kilibadilishwa kwenye ramani yake tu, michoro ya mhandisi ikabaki ya zamani. Fundi alipoilinganisha, nguzo ya mhandisi inatua katikati ya mlango wa mama. Angekuwa fundi mwingine angesema "tutarekebisha saiti", angesogeza nguzo kwa jicho, na mhimili wa juu ungebaki unaning'inia kwenye matumaini. Huyu alikataa kugusa kitu. Namshukuru, na kazi akiianza nitamlipa bila kuchelewa.

Nilirudi ofisini na karatasi zote. Mnajua niliambiwa nini? Kwamba marekebisho niliyoyaomba sasa yanahesabika kama "mabadiliko ya mteja" na yana malipo yake. Mabadiliko! Nimebadilisha nini? Mama alikuwa na magoti mabovu tangu ukurasa wa kwanza. Mume wangu alikuwa analala mchana tangu ukurasa wa kwanza. Kuhusu lile jina, akasema ni "makosa ya uchapaji". Nikaomba faili halisi za michoro nimpelekee mtu mwingine, akasema faili ni mali ya ofisi, mimi haki yangu ni karatasi zilizogongwa mhuri. Hela amekula sehemu kubwa, imebaki awamu ya mwisho, na anaidai kwa ujumbe wa salamu na vikatuni vya mikono iliyokunjwa.

Nyie mlio kwenye hii kazi, na najua mmo humu wengi, naomba mnijibu bila kuzunguka. Kwa nini hamuulizi? Mkija kwa mteja mnauliza vyumba vingapi, ghorofa au ya chini, paa la aina gani. Hakuna anayeuliza viatu vinavuliwa wapi, nani anaumwa, ugomvi wa asubuhi wa choo unahusu akina nani, mgeni akilala analala wapi, mtoto akihama kile chumba kitakuwa nini. Hayo ni mazungumzo ya jioni moja. Na kubadilisha mlango kwenye karatasi ni kufuta mstari. Ukishamwaga zege, ni nyundo na machozi.

NYONGEZA: Naona wachangiaji wameshafika na ile "pengine ulilipa kidogo, ukapewa cha kidogo". Nililipa alichotaja, sikuomba punguzo. Na hata ningelipa kidogo, angeniambia "kwa hela hii nakupa ramani iliyopo", ningejua moja. Kilichoniudhi ni kuuziwa iliyopo kwa jina la iliyochorwa.

Aliyesema nijenge tu "mtazoea": bosi, zoea wewe ngazi za sentimita 21.

Aliyeuliza kama niliweka sahihi kwenye mchoro wa mwisho: hapana, na sitaweka. Nimesaini mkataba na picha za mwonekano tu.

Wale wa inbox mnaotaka kunichorea upya kwa bei ya ushkaji, watatu kati yenu mmeanza na picha ya nyumba. Nimewazuia wote watatu.

Nahitaji msaada wa kweli kwenye mambo mawili. Kuna mtu humu aliwahi kudai kurudishiwa malipo ya usanifu akafanikiwa, na alitumia ushahidi gani? Mimi nina zile kurasa nilizoandika, zina tarehe na sahihi yake ya kupokea, na nina karatasi ya umeme yenye jina la watu wengine. Pili, nikimpata msanifu mwingine, anaruhusiwa kuendelea na hii michoro ya mhandisi au lazima mhandisi naye aanze upya? Kikao na huyu msanifu wa sasa ni wiki hii, na mume wangu ameomba ruhusa kazini ili aje akiwa amelala vizuri.