Laptopu ya zamani iwe seva ya stationari, Debian au OpenBSD?

mwana_uyole:
Wakuu habari za majukumu. Nina stationari ndogo huku Uyole Mbeya, kompyuta mbili na printa moja. Kinachonitesa ni flashi, mteja anakuja na virusi vyake, sisi tukihamisha kazi toka mashine hii kwenda ile tunaambukiza zote, wiki jana mafolda yote yakageuka shotikati na kuna barua ya mtu ikabidi niichape upya usiku. Sasa nina laptopu ya zamani, RAM gigi 2, diski gigi 320, kioo kimepasuka nusu ila inawaka. Nataka iwe seva ya kutunzia mafaili basi, sitaki mbwembwe. Mmoja kanambia niweke OpenBSD ndo salama, mwingine Debian ambayo ni Linux, zote ni mifumo endeshi ya bure ya kuweka badala ya Windows. Umeme wa huku mnaujua wenyewe.

baridi_ya_makete:
Mkuu OpenBSD naipenda sana, ruta yangu ya nyumbani ni hiyo na PF yake, ile ngome ya kuzuia wavamizi wa mtandao. Ila kwako hapana. Mfumo wake wa mafaili hauna ile daftari ya kuandika nilikuwa nafanya nini kabla umeme haujakata, kwa hiyo ikiwaka inaanza fsck, yaani kukagua diski nzima, siku nyingine inagoma katikati inakusubiri ujibu, na wewe hata kioo huna. Debian na ext4, mfumo wa mafaili wenye daftari hiyo, inainuka yenyewe. Wakati wa kuinstoli toa tiki kwenye desktopu zote, bakiza SSH (ya kuiendesha ukiwa kompyuta nyingine) na vile vya msingi, RAM gigi 2 itakutosha na chenji inabaki. Kisha `apt install samba`, ndo inayofanya Windows zione folda ya seva, folda moja, `smbpasswd -a` na jina lako, umemaliza.

fundi_mafinga:
Naongezea tu. Samba haiui virusi, faili bovu likikaa kwenye seva, Windows ikilifungua inaumwa vilevile. Ila zile shotikati ni ugonjwa wa Windows, kwenye Linux hazifanyi kitu, so flashi ya mteja ichomeke kwenye hiyo hiyo laptopu, skripti fupi (amri chache ulizoandika kwenye faili) inakopi pdf na docx tu, mengine yanabaki huko huko. Betri inakaa?

mwana_uyole:
Betri ilishakufa zamani, ni chaja tu.

fundi_mafinga:
Basi tafuta betri hata ya mtumba kabla ya yote, ndo faida ya laptopu hiyo, UPS ya bure, umeme wa akiba ukikatika. Na nunua diski ya nje, kila jioni unakopi mafaili kwa amri ya rsync halafu unaichomoa, seva peke yake siyo bakapu.

mwana_uyole:
Wakuu mrejesho. Betri nimepata Mwanjelwa, Debian imeingia, mafaili yanaonekana kompyuta zote mbili. Tatizo nikiifunika tu inalala.

baridi_ya_makete:
Fungua `/etc/systemd/logind.conf` weka `HandleLidSwitch=ignore`, riboot.

mwana_uyole:
Imekubali 🙏 Ipo chini ya kaunta, nimebandika karatasi USICHOMOE maana dogo wa dukani jana kaichomoa achaji simu, ikaendelea na betri wala sikujua mpaka jioni.