Tupeane uzoefu: mnafanyaje mpaka kibarua akaweza kusema "hapa pana hatari"?

Mkaazi wa Kiponda: Assalaam aleikum. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Zanzibar ni Namba 8 ya 2005, si jambo geni. Helmeti zinanunuliwa, mabango yanabandikwa, lakini kibarua akiona jukwaa linayumba anapanda kimya kimya. Naomba utaratibu, visa tuviache.

Fundi Chokaa: Waaleikum salaam. Wekeni daftari la "nusura", yaani ajali iliyotaka kutokea isitokee. Safu nne: tarehe, mahali, nini kilitaka kutokea, nani anarekebisha na lini. Jina la aliyeripoti si lazima. Likae karibu na maji ya kunywa. Likikaa ofisini litabaki jeupe. Kila asubuhi, dakika kumi, msimamizi asome ya jana na aoneshe kilichorekebishwa. Ripoti zikilala bila jibu watu wataacha kuandika, naye atadhani hatari zimekwisha.

Nyumba za Mji Mkongwe zina mtego wake. Ukishaezua paa, ukuta wa mawe na chokaa hauna tena cha kuushika juu, na mvua inaunywesha. Boriti huoza kwanza ile ncha iliyomo ukutani. Sehemu unayoiona ni nzima kabisa. Kwa hiyo anayegonga boriti akasikia sauti imefifia awe na ruhusa ya kusimamisha kazi papo hapo, bila kumpigia mtu simu.

Chokaa nacho: ukikizima, yaani ukikichanganya na maji kabla ya kukitumia, tia chokaa kwenye maji, usimwagie maji chokaa, kitachemka na kukurukia. Kikiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi dakika 20, kisha hospitali. Hayo maji yawepo kabla mfuko haujafunguliwa.

Bint Wete: Fundi, daftari sawa, lakini huku Pemba shina la tatizo ni malipo. Mchumaji wa karafuu analipwa kwa alichochuma. Ukimwambia asiharakishe umempa kauli mbili, na atafuata ile ya pesa. Muda wa kukagua kamba na kusubiri gome likauke baada ya mvua ulipwe wenyewe, kama kazi.

Tawi la mkarafuu halikuonyi, hukatika ghafla hata likiwa nene. Mchumaji akae karibu na shina, vitawi avivute kwa kigoe, yaani kijiti chenye ncha iliyopinda, na tawi analokanyaga lifungwe kamba kwenye shina. Kamba ikague kwa kuisokotoa kidogo uone ndani: nyuzi zikitoa unga au zimekakamaa, hiyo ni ya kufungia mbuzi. Wanaookota chini wakae nje ya kivuli cha mti wenye mtu.

Mzee wa Mkoani: Ahsante mwanangu. Nyongeza: aliyeanguka asinyanyuliwe kwa makwapa wala asikalishwe. Kichwa na shingo vishikwe visitikisike, abebwe juu ya ubao au mlango. Gari la kumchukua lijulikane kabla msimu haujaanza.

Msimamizi Paje: Na wavivu watakaosimamisha kazi kila siku?

Fundi Chokaa: Ndugu yangu, tenganisha mambo mawili. Aliyeteleza kwa sababu ngazi imesimama wima mno, rekebisha ngazi: kwa kila mita 4 za kwenda juu, mguu uwe mita 1 kutoka ukutani, na kichwa kipite mita 1 juu ya pale anaposhukia. Aliyeng'oa kinga ya msumeno makusudi, huyo ndiye wa kukaripiwa. Ukiwapa wote adhabu moja, wote watakuficha.

Bint Wete: Na ile zawadi ya "siku 100 bila ajali" iondoeni. Siku ya 97 kidole kilichopasuka kitafungwa kitambaa na kutiwa mfukoni, ili wenzake wasikose pilau. Toeni zawadi kwa hatari zilizoripotiwa na kurekebishwa.

Msimamizi Paje: Hilo la pilau limenigusa. Daftari nanunua leo, ila vibarua wangu wengine hawaandiki.

Fundi Chokaa: Waseme kwa mdomo, karani aandike mbele yao na awasomee.