Maji ya kuoga na kufulia, nayachujaje nimwagilie migomba?

goba_juu: Wakuu habari za majukumu. Niko Goba, nyumbani tuko sita, maji ya boza yananimaliza na kila siku naona ya bafuni na ya kufulia yanaishia shimoni bure tu. Fundi mmoja kasema nijenge tanki la mchanga na mkaa, mwingine kasema nipande matete. Nani ashafanya hii kitu? Ya chooni siyagusi.

mzee_wa_kokoto: Mkuu huyo wa mchanga atakutia hasara, mafuta na mapovu yakiingia moja kwa moja mchanga unaziba unabaki na dimbwi linanuka. Anza na chemba ya kunasa mafuta, utando wake uwe unautoa mara kwa mara. Halafu kitalu, shimo la kina cha kama sm 60, tandika nailoni nzito au piga plasta, jaza kokoto, kubwa pale maji yanapoingilia na yanapotokea, ndogo katikati, ndo unapanda matete. Maji yapite CHINI yasionekane juu, la sivyo unafuga mbu. Kazi kubwa inafanywa na vijidudu vinavyoganda kwenye kokoto na mizizi kwahiyo mwanzoni yatatoka bado machafu, vumilia. Eneo piga mita mraba 1 hadi 2 kwa kichwa. Gereza la Shimo la Tewa kule Mombasa wamejengewa mfumo wa namna hii na yale ya chooni yamo, sembuse yako ya sabuni.

goba_juu: Kwa watu sita si ni mita mraba 6 hadi 12?? kiwanja chenyewe kiduchu. Na mchicha je, naweza kumwagilia?

mama_bustani: Mchicha achana nao kaka, yanatoka meupe lakini vimelea vimo. Migomba na mipapai sawa, mwaga kwenye shina sio majani. Mimi kinachonikera ni sabuni ya unga, ina sodiamu nyingi, udongo unakakamaa haunywi maji, ndo maana ya kufulia nayaachia yaende shimoni. Na kama shida yako ni migomba tu mbona unajitesa na mtambo? Chimba shimo la duara, jaza majani makavu na matawi, elekeza bomba la bafuni humo, zungushia migomba pembeni. Majani yakioza ongeza mengine.

mzee_wa_kokoto: Hapo dada kaua, ila ya jikoni bado yapite kwenye chemba. Mkuu shimo liweke mbali na msingi wa nyumba, na kama jirani ana kisima sema mapema.