Acheni kung'oa mabanio ya magogo ya mifongo Kilimanjaro!

Wakuu, hili limetuchosha. Miradi ya kuboresha mifongo, mifereji ya asili ya Wachagga, inaanza vilevile: banio la magogo, yaani kizuizi cha mtoni kinachoelekeza maji mferejini, linang'olewa, mawe yanapondwa kokoto, magogo yanageuka kuni. Hakuna picha, hakuna kipimo, na wazee wa mfongo hawaulizwi. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ilipoitambua Shimbwe Juu, huku kwetu Kilimanjaro, mwaka 2011 kuwa urithi wa kilimo wa dunia, tulishangilia wote. Kihamba, shamba letu la nyumbani la migomba na kahawa, kinanyweshwa na nini kama si mfongo? Na mfongo unaanzia wapi kama si kwenye banio?

Mnaoliita banio rundo la takataka hamjui lilivyojengwa. Mawe makubwa hutangulia, yakiegemea mwamba au mizizi ya mkuyu. Gogo hulazwa mshazari, ili maji yaelekezwe kwenye mdomo wa mfongo bila kulipiga gogo moja kwa moja. Kisha matawi, migomba iliyopasuliwa, na mabonge ya nyasi yaliyong'olewa na udongo wake, kuziba mianya mikubwa. Midogo inaachwa! Kiangazi, maji yanayovuja hapo ndiyo haki ya walio chini. Masika, mafuriko husomba sehemu ya juu, mchanga ukapita na mfongo ukasalimika. Maji yakipungua, watu wa mfongo wanatoka na mapanga na majembe, wanarudishia. Gogo linalooza upesi ni lile la usawa wa maji, linaloloa na kukauka. Lililozama muda wote hudumu sana, kwa hiyo unabadilisha la juu tu.

Sasa tazameni hayo mabanio ya zege yanayojengwa badala yake. Ukuta haupitishi tone, mto chini unakauka. Mchanga unajaa nyuma yake hadi usawa wa ukingo, kisha unamiminika mferejini. Lango la kutolea mchanga ama halikuwekwa, ama limeganda kwa kutu, ama mpini umeuzwa chuma chakavu. Sakafu ya mawe upande wa chini ni fupi, basi maji yanayoruka ukuta yanachimba hadi chini ya msingi, na ukuta unapasuka. Hapo kijiji kinasubiri bajeti!

Na msisingizie kibali, eti bila zege maji hayapimiki. Sheria ya maji ya 2009 inataka kibali cha kutumia maji, sawa, lakini maji yanaweza kupimwa mferejini, mita chache baada ya mdomo.

Kabla ya kugusa banio lolote, pigeni picha kiangazi maji yakiwa machache. Pimeni urefu, kimo na mshazari wa gogo. Andikeni mti wake kwa jina la Kichagga, na ukoo uliochimba mfongo. Kama zege ni lazima, lisijengwe juu ya banio la zamani, na liachiwe tundu la wazi, lisilo na lango, kwa ajili ya walio chini.

Mliosimamia kazi hizi na mko humu jukwaani, wekeni hapa michoro ya lango la mchanga tuione.