Mrejesho: saratani ya kope ya mjomba

Niliwauliza kama saratani ya kope ya mjomba, nahodha wa hapa Lamu, inahusiana na ile ya utumbo mpana aliyofanyiwa upasuaji zamani. Majibu yametoka: zinahusiana. Ile ya utumbo haikusambaa; ni saratani mbili mbalimbali zenye asili moja. Hii ya kope, iliyo nadra, huanzia kwenye tezi za mafuta. Kwenye kinyama walichopima, protini ya MSH2, inayosaidia kurekebisha makosa ya DNA, haikuonekana. Damu ikathibitisha hitilafu ya kurithi. Huitwa Muir-Torre, tawi la Lynch, yaani hali ya kurithi inayoongeza hatari ya saratani kama ya utumbo mpana. Kila mtoto wake ana nafasi 1 kati ya 2 ya kuirithi. Mama, dadake, naye apimwe, maana hata mji wa mimba umo hatarini. Mjomba bado analaumu jua la baharini! Kolonoskopi (kuchunguza utumbo mpana kwa kamera) za mara kwa mara amezikubali, shingo upande. Wanaogoma kupimwa ni wanawe.