TSH bado 7.8 kwa levothairoksini 75: tuongeze dozi au kuna kingine?

nesi_zamu: Habari wakuu. Mgonjwa ni mwanamke wa miaka 41, kilo 62, tezi ya shingo imelegea kazi. Yuko kwenye levothairoksini (homoni ya tezi ya kidonge) mikrogramu 75 kwa siku, mwezi wa tano sasa. TSH (homoni inayoisukuma tezi, hupanda tezi ikilegea) imetoka 7.8, bado iko juu. Daktari anafikiria 88, ila maduka ya dawa huku yana vidonge vya 50 na 100 tu. Anameza asubuhi kwa chai ya maziwa, pamoja na vidonge vya kuongeza damu. Tunaigawaje?

mfamasia_pwani: Kabla ya hesabu, mwambie daktari kuhusu hiyo chai na vidonge vya damu. Madini ya chuma hushikamana na dawa hii tumboni, nyingine ikapita bila kuingia mwilini. Kalsiamu nayo ni hivyo hivyo. Ameze kwa maji matupu, tumbo tupu, akae nusu saa hadi saa nzima ndipo anywe chai. Vidonge vya damu vihamie jioni. Vipishane na levothairoksini kwa angalau saa 4.

Ombi langu: msibadili umezaji na dozi kwa mpigo. Huenda 75 inatosha ila haimfikii. Mkiongeza juu yake, TSH itazama, moyo uanze kwenda mbio. Daktari akikubali, abaki hapo hapo, apime tena baada ya wiki 6 hadi 8. Nusu ya dawa hii huchukua kama siku 7 kutoka mwilini, kwa hiyo kipimo cha wiki ya pili ni hela ya bure.

dozi_kwa_wiki: Naunga mkono. Ikibidi kupanda, piga hesabu ya wiki: 88 mara 7 ni 616. Akimeza 100 siku 5 na 50 siku 2 anapata 600, wastani karibu 86. Hizo siku 2 zisifuatane, tuseme Jumatano na Jumapili. Kwa kuwa dawa hukaa mwilini muda mrefu, mwili hauoni kupanda na kushuka huko. Vidonge vibaki kwenye pakiti yake, mbali na joto la jikoni, unyevu huviharibu. Kampuni ikibadilika, apime tena baada ya wiki 6.

maabara_tu: Siku ya kipimo atolewe damu kabla ya kumeza, maana FT4 (homoni ya tezi iliyo huru kwenye damu) hupanda saa chache baada ya kidonge. Ulizeni pia vidonge vya nywele na kucha: biotini (vitamini iliyomo humo) hudanganya baadhi ya mashine, TSH ikasomeka chini kuliko ilivyo. Aache angalau siku 2 kabla. Na akishika mimba, aende kliniki mara moja. Kwa kawaida huongezewa dozi 2 kwa wiki, zikawa 9 badala ya 7.

nesi_zamu: Asanteni sana. Akisahau siku moja je?

mfamasia_pwani: Ameze akikumbuka siku hiyo hiyo, tumbo likiwa tupu. Kukishakucha, ameze ya siku hiyo tu, asirundike mbili.